Wageni wakikosa kuja Dunga: vile ya kushikana hapa bichi

Kama uko na boti, unatembeza wageni ama unakaanga ngege (tilapia) hapa Dunga, bichi ya Kisumu kando ya Ziwa Victoria, unajua wiki hukaa aje. Jumapili bichi imejaa, watu wanatafuta viboko na wengine wanakupiga picha bila kuomba ukiwa umeinama unaparua samaki, halafu Jumanne ni wewe na nzi. Gugumaji likiziba ghuba ndio kabisa, boti haitoki na mwenye boti bado anataka hesabu yake. Hiyo hula mtu kichwa polepole, na huwezi ona juu kazi yenyewe inataka mtu mcheshi.

Sasa mnaanzaje? Msiite semina. Ukitaja afya ya akili wengine watadhani unasema wamerukwa. Anzia chama chenye kiko tayari: mkishachanga, kabla chai, kila mtu aseme wiki yake imekuwa aje, na mweka hazina asiguse mambo ya madeni hapo. Mwenye amekosa mchango asipigwe faini, juu faini ndio hufanya mtu aanze kukwepa. Akikosa kuonekana mara mbili tumeni mtu mmoja anayemjua, si watatu, watatu wanakaa kama wamekuja kubeba viti vyake.

Mimi nilitumwa kwa jamaa alikuwa ameanza kulala kwa boti. Sikumuuliza shida ni gani, nilichukua kopo tukaanza kutoa maji kwa boti, na ni kama tumefika nusu ndio akaanza kuongea, bado ananipa mgongo. Wanaume wa huku wape kitu ya kushika kwanza.

Na msikimbilie kutoa ushauri. Zimbabwe kuna nyanya walifunzwa kukaa na watu kwa benchi nje ya kliniki, hiyo kitu ilianza 2006, na Washona wanaita hiyo kulemewa na mawazo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndio hiyo hapa kwa Kijaluo tunaita paro mang'eny? Wale nyanya husikiza kwanza, halafu mnachagua shida moja ya kushughulikia, si zote.

Lakini mtu akisema amechoka kuishi, hapo chama pekee haitoshi. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpi hiyo wazo. Usimwache peke yake, toa dawa ya kupe na kamba hapo karibu, pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni ya bure, ama mpelekeni hospitali. Msiogope polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema ile sheria ya kushtaki mtu aliyejaribu kujiua inaenda kinyume na Katiba.

Hiyo ya picha nayo ni rahisi, anayetembeza wageni awaambie wakiwa bado kwa boti kwamba waombe kwanza. Kuna mama hapa humpa mgeni kisu, ukitaka picha yake parua ngege mmoja kwanza, na wengi huishia kununua.