Mwongozo: kujiandaa kufundisha lugha ya kigeni msingi na sekondari ya chini

Nimetoka kumsaidia mwalimu tarajali wa Kifaransa anayeenda mazoezi ya kufundisha, na maswali yake ndo yaleyale wanayouliza wote, basi naandika hapa mara moja nipumzike kutuma voisi ndefu. Mifano ni ya Kifaransa maana ndo naifundisha. Wewe wa Kijerumani, Kihispania au Kichina badilisha maneno tu.

Hatua ya 1: pima lugha yako

Tumia ngazi za Baraza la Ulaya, zile za A1 (anayeanza) mpaka C2 (wa juu kabisa) zilizotoka 2001. Ukiwa B2 imara anza, usikae unasubiri C2. Wanafunzi wako watakaa A1 muda mrefu sana, hawana haja na sarufi yako ya juu, wanachohitaji ni matamshi, kwa sababu watoto wanaiga wanachosikia, na ukikosea wewe linakosea darasa zima. Jirekodi kwenye simu ukisema *vin, vent, vont*, halafu *tu* na *tout*, sikiliza mzawa, jisikilize tena. Kama hutofautishi, anzia hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 2: jua unaongea na umri gani

Watoto wa msingi hawana aibu, wataimba, watabweka kama mbwa ukiwaambia, ila wanachoka haraka, kwa hiyo badili shughuli kila baada ya dakika kumi hivi. Wa sekondari ya chini wanaogopa kuchekwa na wenzao. Usimsimamishe mmoja peke yake siku za mwanzo. Anza na darasa zima kwa pamoja, kisha wawiliwawili, mmojammoja baadaye. Na usiamini ile habari kwamba mdogo lazima ajifunze haraka kuliko mkubwa. Kwa vipindi vichache kwa wiki wakubwa ndo wanakimbia mwanzoni, maana kanuni ukiwaeleza wanaishika. Faida ya wadogo ni ujasiri, na miaka waliyonayo mbele.

Hatua ya 3: andalio la somo

Lengo moja, linaloonekana. Sio "aelewe vifaa vya shule", andika "aweze kuuliza na kujibu *As-tu un stylo ?*" (una kalamu?). Maneno mapya saba au nane yanatosha. Kila nomino itoke na kitangulizi chake, yaani *un* au *une*, mfano *une gomme* (kifutio), kamwe sio *gomme* peke yake, na wa Kijerumani ndo kabisa. Halafu fikiria majibu kabla hujaingia darasani: asiye na kalamu atasema *Je n'ai pas de stylo*, na hapo *un* imeshageuka *de*. Mpe sentensi nzima aishike hivohivo, maelezo ya kanuni yana siku yake.

Hatua ya 4: maelekezo kwa lugha unayofundisha (soma hii mara mbili)

Hapa ndo vipindi vinakufa. Mwalimu ana gemu nzuri, anaanza kuieleza kwa Kifaransa, macho yote yako kwake lakini hakuna anayeelewa, anapanik, anatafsiri. Kesho anatafsiri tena. Baada ya muda darasa limeshajua kwamba Kifaransa ni kelele za kupita tu, maana yenyewe itakuja nyuma yake, na hakuna anayesikiliza tena. Ndo maana siupendi kabisa mtindo wa kusema sentensi kisha tafsiri, sentensi kisha tafsiri, bora hata uongee lugha yao moja kwa moja.

Fanya hivi. Chagua maelekezo machache utakayoyatumia kila kipindi: *écoutez, répétez, regardez, montrez-moi, levez-vous, asseyez-vous, par deux, encore une fois* (sikilizeni, rudieni, tazameni, nionyesheni, simameni, kaeni, wawiliwawili, mara nyingine tena). Yaandike kwenye andalio neno kwa neno, usitegemee yatakuja yenyewe ukiwa umesimama mbele ya watoto arobaini. Yafundishe kwa mwili, ile njia ya James Asher ya miaka ya 1960: unatoa amri huku unafanya, wanafanya na wewe, kisha unatoa amri umesimama tuli mikono nyuma. Hapo kwenye kusimama tuli ndo utajua nani ameelewa na nani alikuwa anamwigiza jirani.

Gemu haielezwi, inachezwa. Ita mwanafunzi mmoja mchangamfu, cheza naye mzunguko mzima mbele ya wote, halafu wawili wacheze bila wewe, ndo uachie darasa. Makaratasi yagawe mwisho, ukigawa kabla umeshawapoteza. Na usiulize "mmeelewa?", watakujibu ndiyo kwa sauti kubwa hata kama hawajui lolote. Mwambie mmoja aonyeshe.

Sasa tahadhari. Ukisema *levez-vous* kwa darasa na *lève-toi* kwa mmoja siku hiyohiyo utawachanganya, baki na ya wingi mpaka ikae, ya umoja ije yenyewe kama jambo jipya. Usalama, mtoto anayelia, ugomvi: tumia lugha wanayoielewa bila kujiuliza. Kama lazima utoke kwenye Kifaransa kwa sababu nyingine, kuwe na alama, mfano unasogea pembeni ya ubao, unasema sentensi moja, unarudi katikati na Kifaransa chako.

Hatua ya 5: zana

Kadi za kuchora kwa mkono. Projekta ikizima somo limezima. Picha moja kwa kadi, bila neno. Neno lililoandikwa lije baada ya sauti, maana mtu aliyezoea kusoma kila irabu akiiona *eau* (inatamkwa "o" tu) mapema atakusomea e-a-u, na kumtoa hapo ni kazi.

Hatua ya 6: jaribu kwa wenzako

Dakika kumi, watu watano, video ya simu. Ufundishaji mdogo wa namna hii ulianzia Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960 na bado hakuna kilichoushinda. Ila wasiwe wenzako wa Kifaransa! Wao watatii hata elekezo bovu. Tafuta wa hisabati, wa michezo, yeyote asiyejua hata *bonjour*. Akikwama yeye, elekezo ndo baya, libadilishe. Ukiangalia video tazama kitu kimoja tu, mimi ningeanza na muda unaoongea wewe.

Hatua ya 7: kusahihisha

Akisema *un gomme*, mjibu "*Ah oui, une gomme !*" na uendelee. Ukimkatiza kila neno hatanyoosha mkono tena.

Msimamizi akija mpe andalio lenye yale maelekezo neno kwa neno. Akiuliza kwa nini hutafsiri, mwambie asubiri ile amri ya mikono nyuma.