Kufunga Eskaveta ya Tani 22 Juu ya Lobedi

Uzito wa eskaveta peke yake hautoshi kuituliza juu ya lobedi, yaani tela lenye sakafu ya chini la kubebea mashine nzito. Breki ya ghafla ikikanyagwa, eskaveta hutaka kuendelea mbele, na hesabu za ufungaji hukadiria msukumo huo kuwa asilimia 80 ya uzito: kwa tani 22, karibu tani 18 kuelekea kabini ya lori. Pembeni na nyuma kadiria asilimia 50.

Anza na fagio. Matope, grisi na dizeli sakafuni huifanya cheni ya mashine (mkanda wa chuma inaotembelea) iteleze kama sabuni, na chuma juu ya chuma tayari kina msuguano mdogo. Tandika mpira mzito au mbao ngumu, kavu, chini ya cheni zote mbili.

Lori lisimame pakavu na tambarare, matairi yatiwe kabari. Mashine inyooke kabla haijagusa ngazi za tela, ndoo ikiwa sentimita 20 hadi 30 tu kutoka chini. Usikate kona ukiwa juu ya ngazi. Hapo ndipo mashine huanguka. Mtu wa kutoa ishara awe mmoja, asimame mbali na ubavu wa ngazi.

Ikikaa sehemu yake, laza ndoo juu ya mbao, funga pini ya kuzuia kabini ya eskaveta kuzunguka, zima injini, kisha chezesha nyenzo zote za kuendeshea ili presha ya haidroliki iishe. Ziba bomba la moshi: upepo wa safarini huzungusha tabochaja (feni ya kusukumia hewa kwenye injini) bila oili. Mahali ilipokaa mashine ndipo huamua uzito wa kila ekseli mizanini. Ikirudi nyuma mno, ekseli tatu za tela zitapita tani 24 zinazoruhusiwa Afrika Mashariki, hata kama lori zima halijafika tani 56. Ukipata nafasi iliyopita vizuri, ichore kwa rangi sakafuni.

Sasa minyororo. Kanuni za Marekani, ambazo ni kipimo kizuri popote, zinataka angalau minne kwa mashine ya zaidi ya tani 4.5, na jumla ya uwezo wake ifike nusu ya uzito wa mzigo. Hapa ni tani 11. Wengi hukosea hapa: mnyororo unaotoka kwenye tela kwenda kwenye mashine moja kwa moja huhesabiwa nusu ya uwezo wake. Wa milimita 13, gredi 70 (daraja la uimara wa chuma), una uwezo wa tani 5.1, kwa hiyo unahesabiwa 2.55. Minne ni tani 10.2, haitoshi. Wa tano upite juu ya mkono karibu na ndoo, ambao hata hivyo lazima ufungwe. Ukiwa na ya milimita 10 (tani 3), utahitaji minane.

Mwelekeo ni muhimu kuliko wingi. Msukumo wa breki hushikwa na minyororo inayovuta kwenda nyuma. Ile inayovuta mbele hufanya kazi lori likipanda mlima. Ivute pande zote nne, kwa pembe isiyozidi nyuzi 45 kutoka sakafuni. Uliosimama wima hukandamiza tu, hauzuii. Kulabu iingie kwenye tundu la kufungia au fremu ya cheni, kamwe si kwenye ngazi ya dereva wala silinda ya haidroliki. Mnyororo uliofungwa fundo au kuunganishwa kwa bolti hauhesabiwi kabisa.

Kaza kwa kikazio cha racheti, kinachokaza kidogo kidogo kwa meno. Kile cha wenzo hurusha mkono wake kikiachiwa, na bomba la kurefushia huongeza hatari hiyo. Ncha ya mnyororo inayobaki funga kwa waya.

Cheni zikiwa karibu mita 3 upana, utahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Urefu wa kwenda juu upimwe mashine ikiwa imeshafungwa, si kwenye karatasi.

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Iringa, mizani ya Vigwaza ndiyo nafasi ya kwanza ya kukagua: mbao zimekandamizwa na minyororo imelegea, kaza tena. Baada ya hapo kagua kila saa tatu, na lazima Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuanza mlima wa Kitonga.