Namna ya Kumtafuta, Kumtambua na Kumtazama Mkunga Nyoka Mchangani

Mzamiaji anayevuka uwanda wa mchanga ili afike kwenye matumbawe hudhani kwamba chini yake hapana kitu, na kwa dhana hiyo hupita juu ya vichwa vya mikunga nyoka bila kuviona. Samaki hawa ni wa familia ya Ophichthidae, yenye spishi zaidi ya 300, na makao yao makuu ni bahari za joto, tangu maji ya magotini hadi vina vya mamia ya mita. Wengi wao hupitisha sehemu kubwa ya maisha wakiwa wamezikwa. Kwa sababu hiyo anayetaka kuwaona hana budi kujifunza kutafuta kichwa badala ya samaki mzima, na kazi hiyo inahitaji macho yaliyozoezwa kuliko vifaa vya gharama.

Jina lenyewe linahitaji tahadhari kidogo. Wapo wanaomwita mkunga kila samaki mrefu asiye na magamba, akiwemo yule akaaye katika mapango ya mwamba na kutoa kichwa huku akifumbua na kufumba kinywa. Katika mwongozo huu mkunga wa mwamba ni huyo wa mapangoni, na mkunga nyoka ni huyu wa mchangani. Wingi wao ni mikunga. Wakunga ni wale wanaozalisha, nao hawamo katika habari hii.

Kabla hata ya kuingia majini, msomaji ajifunze mkia. Kwa samaki wengi mkia ni wa kuogelea, lakini kwa mkunga nyoka ni wa kuchimbia. Katika kundi kubwa zaidi la familia hii mkia hauna pezi mwishoni: umechongoka, umekauka, na mifupa ya ncha yake imekuwa imara kiasi cha kuweza kupenya mchanga ulioshikamana. Samaki huanza kwa kuchomeka ncha hiyo, kisha huusukuma mwili kinyumenyume kwa kuupinda huku na huku, na ute wa ngozi yake isiyo na magamba humsaidia kuteleza kati ya chembe za mchanga. Mwisho hubaki kichwa peke yake, au macho na pua tu. Kundi la pili la familia hii, lenye miili myembamba mithili ya minyoo, lina mkia laini wenye kipezi kidogo kinachouzunguka, na ni vigumu zaidi kuonekana. Wapo pia waliopoteza mapezi yote, kama wale wa jenasi ya Apterichtus, na wapo wanaoweza kuchimba kwa kichwa na kwa mkia vilevile, kama Pisodonophis boro, ambaye huingia hadi midomo ya mito.

Ugumu wa mkia huo si jambo dogo. Wataalamu waliopasua samaki wakubwa wamekuta mikunga nyoka waliokauka ndani ya uwazi wa mwili, nje ya tumbo la chakula: walimezwa wakiwa hai, wakatoboa ukuta wa tumbo wakijaribu kutoroka, wakafia humo. Anayefikiria kumshika samaki huyu kwa mkono akumbuke habari hiyo kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo likikosewa lina hatari, nalo ni kumpambanua mkunga nyoka na nyoka wa baharini. Nyoka wa baharini wana sumu kali inayodhuru mishipa ya fahamu, ilhali mkunga nyoka hana sumu ya kuhofiwa, ingawa meno yake yanaweza kuumiza. Usitegemee rangi hata kidogo. Myrichthys colubrinus, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1781, ni mweupe mwenye mapete meusi mwili mzima, na amefanana na nyoka wa jenasi ya Laticauda kiasi kwamba wengi humkimbia. Mfanano huo huchukuliwa kuwa kinga yake dhidi ya wawindaji. Ajabu ni kwamba anapatikana hata katika Bahari ya Shamu na pwani ya mashariki ya Afrika, mahali ambapo nyoka hao wenye mapete hawaishi. Kwa hiyo mapete, peke yake, hayathibitishi lolote.

Tazama mkia kwanza. Mkia wa nyoka wa baharini umebapa kutoka ubavuni kama kafi, na wa mkunga nyoka umechongoka kama sindano nene. Kisha tazama ngozi: nyoka ana magamba yanayoonekana wazi kwa karibu, mkunga nyoka hana. Tazama mgongo: Myrichthys ana pezi jembamba, jeupe, linaloanzia kichwani na kufuata mgongo kama utepe, na nyoka hana pezi lolote. Nyuma ya kichwa cha mkunga nyoka pana tundu la shavu kila upande; nyoka hupumua hewa kwa pafu, kwa hiyo ukimwona mnyama akipanda hadi juu, akachungulia hewani na kushuka tena, shauri limekwisha, huyo ni nyoka. Kama hujapata nafasi ya kuona hata alama moja kati ya hizi, mhesabu kuwa nyoka na ukae mbali. Kosa la kumdhania mkunga kuwa nyoka halijamuua mtu.

Kumtofautisha na mkunga wa mwamba ni rahisi zaidi. Huyu wa mwamba ana mwili uliobapa ubavuni, hana mapezi ya kifuani, na mapezi yake ya mgongoni na ya chini hukutana mkiani yakauzunguka. Mkunga nyoka ni wa mviringo kama kamba nene ya meli, na pua zake za mbele ni vijibomba viwili vinavyoelekea chini, karibu na mdomo wa juu. Wapo pia mikunga wa makundi wanaosimama wima mchangani kama mabua, mamia pamoja, wakidaka vijidudu vinavyoletwa na mkondo. Hao ni wa familia nyingine, na hawawindi kwa namna ya hawa wetu.

Mahali pa kutafuta ni mchanga uliotulia: ndani ya wangwa uliokingwa na mwamba, pembezoni mwa nyasi za baharini, katika mabaka ya mchanga baina ya matumbawe, na karibu na mikoko panapoingia maji ya chumvi. Mchanga mwembamba au uliochanganyika na tope kidogo hufaa kuliko kokoto na vipande vikubwa vya matumbawe. Kuhusu saa, spishi nyingi hutoka usiku, hivyo mzamiaji wa usiku ana nafasi kubwa zaidi ya kumwona samaki mzima akitambaa juu ya mchanga. Myrichthys colubrinus huonekana hata mchana katika maji machache, akipita polepole na kuingiza pua katika kila tundu. Kwa anayeanza, huyo ndiye wa kutafuta, kwa kuwa hahitaji hata mtungi wa hewa. Miwani ya majini na bomba la kupumulia vyatosha.

Kuusoma mchanga ndiko kunakochukua muda. Ogelea polepole kiasi cha mita moja au mbili juu ya sakafu, na usipeleke macho huku na huku. Chagua kipande kidogo, kikague chote, ndipo uhamie kingine. Unachotafuta ni kitu kinachofanana na kijiwe au kipande cha tumbawe kilichosimama peke yake pasipo sababu. Kikiwa na macho mawili karibu kabisa na ncha ya mbele, na mstari mrefu wa kinywa unaopita nyuma sana ya macho, umempata. Tundu peke yake si ushahidi. Tundu lenye mchanga uliorundikwa mlangoni mara nyingi ni la kaa au la kamba, na lile lenye samaki mdogo aliyekaa mlangoni huku kamba akisukuma mchanga nje ni la ubia wa wawili hao. Mkunga nyoka hana tabia ya kurundika mchanga, kwa sababu haukokoti nje. Huupenya, nao humfunika. Shingo yake huonekana imeshikwa na mchanga pande zote, kama mti uliopandwa.

Ukiwa na shaka kama unaona jiwe au kichwa, tazama koo. Chini ya koo la samaki wa familia hii pana mifupa mingi myembamba iliyopishana mithili ya kikapu, na koo hilo huvimba na kunywea kwa mwendo wa taratibu anapovuta maji kwenye mashavu. Ishara nyingine, ambayo mimi huiamini sana, ni vikamba vidogo vinavyong'aa vikitembea juu ya kitu hicho: ni vile vinavyosafisha ngozi za samaki, navyo havina kazi juu ya jiwe.

Ukishampata, simama. Kosa la wengi ni kushuka moja kwa moja juu yake, jambo linalomfanya azame mchangani kabla hujauona uso wake. Rudi nyuma kiasi cha mita mbili, shuka pembeni yake, kisha mkaribie kutoka mbele kidogo kidogo ukiwa umelala sambamba na sakafu, bila kupiga teke linaloinua mchanga. Akianza kushuka hata kwa upana wa kidole, acha kusogea mpaka apande tena. Usiku usimmulike machoni. Elekeza tochi kando yake ili mwanga hafifu wa pembezoni ndio umfikie. Kumchokoa kwa fimbo ili atoke hakufai kwa namna yoyote: hatatoka, atazidi kuingia, na mzamiaji ajaye nyuma yako atakuta mchanga mtupu. Kabla ya kuweka goti au mkono chini, hakikisha hapana taa aliyejifunika wala samaki wenye miiba ya sumu, maana mkunga nyoka si mpangaji pekee wa mchanga huo.

Baada ya kumwona unaweza kujaribu kumtaja, na hapa ushauri wangu ni kutokwenda mbali kuliko ushahidi. Wale wa jenasi ya Brachysomophis wana kichwa kipana, macho yaliyosogea mbele sana na meno makali, na baadhi yao wana vinyuzi kwenye midomo mithili ya ndevu. Hao ni wawindaji wa kuvizia: hungoja samaki au pweza apite, kisha huruka nje kwa kasi. Ophichthus bonaparti ana michoro ya kahawia kichwani inayopendeza kuliko ya wenzake wote, kwa macho yangu walau. Myrichthys maculosus ana madoa meusi ya mviringo badala ya mapete, na meno ya jenasi yake ni butu, yanayofaa kuponda kaa. Anapowinda, samaki wengine hupenda kumfuata ili wadake kile kinachokimbia mashimoni, kwa hiyo ukimwona chewa mdogo akienda taratibu juu ya mchanga kana kwamba amefungwa kamba, chungulia mbele yake. Mkubwa kupita kiasi ni Ophichthus rex wa Ghuba ya Meksiko, anayezidi mita 2, ambaye hujulikana zaidi na wavuvi kuliko wazamiaji.

Anayetaka picha itakayomsaidia mtaalamu kumtambua samaki asiridhike na picha ya uso kwa mbele, hata ikiwa ndiyo nzuri zaidi. Inayohitajika zaidi ni picha ya ubavu wa kichwa inayoonyesha pua, kinywa, tundu la shavu na mahali pezi la mgongoni linapoanzia, kwa kuwa mahali hapo hutofautiana kati ya jenasi na jenasi. Akiwa nje ya mchanga, piga pia ncha ya mkia. Andika kina, aina ya mchanga na saa. Hata hivyo zipo spishi zinazotenganishwa kwa kuhesabu pingili za uti wa mgongo na meno tu, na picha ya samaki wa namna hiyo ni heri ibaki na jina la jenasi pekee.

Imebaki habari ya ndoana. Mkunga nyoka hunasa mara kwa mara kwenye mishipi ya sakafuni, hasa usiku, na akiletwa juu hujisokota na kusukuma kwa mkia akitafuta penye upenyo. Usimshike. Mwache majini, kata mshipi karibu na kinywa kadiri unavyoweza, naye ataondoka. Akiwa amekwisha kuingia chomboni, mkunje ndani ya kitambaa kilicholowa maji ya bahari, mkia na kichwa vyote vikiwa vimezuiliwa, ndipo umrudishe. Akifika chini juu ya mchanga usimfuate kwa macho ukitafuta kichwa; angalia ncha ya mkia, kwa sababu hiyo ndiyo itakayotangulia kuzama.