SOMO: Kwa nini nyumba na viwanja vinapigwa mnada, na hatua zinazotangulia nyundo

Wakuu, salaam. Wengi mmeniuliza kuhusu haya matangazo ya mnada yanayojaa kwenye kurasa za nyuma za magazeti: kipicha cha nyumba kisichoonekana vizuri, namba ya kiwanja, kitalu, mtaa, halafu "kwa idhini tuliyopewa". Akiona tangazo hilo, mmoja husema "masikini, kafilisika", mwingine husema "hapo kuna bei ya kutupa". Huenda wote wawili wako sahihi, ila swali lenyewe linabaki palepale: kwa nini mnada? Benki ina wateja wenye fedha, ingempigia mmoja simu mambo yakaisha. Dalali, gazeti na gari la spika ni vya nini?

Jibu langu ni fupi. Anayeuza si mwenye mali. Benki inauza nyumba ya mkopaji, mahakama inauza nyumba ya aliyeshindwa kesi, mamlaka ya kodi inauza mali ya mdaiwa. Mtu anayeuza cha mwenzake hana uchungu nacho. Akishapata hela yake hajali kama nyumba ya milioni mia imekwenda kwa arobaini. Ndiyo maana sheria inamtaka auze mchana kweupe, mbele za watu, kwa anayepanda dau kubwa. Mnada ni ushahidi wake wa kesho, mwenye nyumba atakaposimama mahakamani na kusema aliibiwa.

Kuna nchi ambako mwenye nyumba hupiga mnada mali yake kwa hiari, bila kudaiwa na mtu. Melbourne na Sydney kule Australia ni jambo la kawaida kabisa Jumamosi, watu wamesimama barabarani mbele ya nyumba wakishindana. Wanafanya hivyo kwa kuwa wanunuzi ni wengi na ushindani unapandisha bei. Kwetu Tanzania neno mnada likitajwa pamoja na nyumba, karibu kila mara kuna deni nyuma yake. Somo hili ni la Tanzania. Kenya nitaigusa kwenye maswali.

Hatua ya 1: Jua nani anauza, na kwa nguvu gani

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Nyumba iliyowekwa rehani benki inauzwa chini ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na benki haihitaji hukumu ya mahakama kwanza. Nguvu ya kuuza imo ndani ya mkataba wa rehani na sheria yenyewe. Nyumba inayouzwa kukazia hukumu, yaani ili aliyeshindwa kesi alipe anachodaiwa, inafuata Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, na anayeiuza ni dalali wa mahakama kwa amri iliyoandikwa. TRA, mamlaka ya kodi, nao wana njia yao kwenye sheria ya usimamizi wa kodi. Kuna pia mirathi iliyokwama na mgawanyo wa mali baada ya talaka, pale mahakama inapoona nyumba moja haigawanyiki vipande ila fedha zinagawanyika.

Ukipokea karatasi yoyote, swali la kwanza liwe hilo. Muda ulio nao na mlango wa kubisha hodi hutegemea jibu lake.

Hatua ya 2: Notisi ya siku 60

Mkopaji akishindwa kulipa, benki inapaswa kumwandikia notisi: umekiuka nini, unadaiwa kiasi gani, na kwamba siku 60 zikipita bila kurekebisha, deni lote linaiva na nyumba inaweza kuuzwa. Zamani zilikuwa siku 90. Zilipunguzwa na sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008.

Siku hizi 60 ndizo zenye thamani kuliko zote, na ndizo watu wanazipoteza wakizima simu na kubadilisha njia ili wasipite mbele ya tawi la benki. Nenda. Omba mkopo upangwe upya. Ikishindikana, omba kwa maandishi uruhusiwe kuuza mwenyewe, mnunuzi alipe benki moja kwa moja na hati itoke. Sheria hailazimishi mnada peke yake, mauzo ya makubaliano nayo yanaruhusiwa. Mwenye nyumba anayetembeza nyumba yake mwenyewe, mlango wazi, vyumba vimefagiliwa, atapata bei ambayo dalali hataipata hata akipiga spika hadi sauti imkauke.

Kuuza pia si njia pekee aliyo nayo mkopeshaji. Anaweza kuteua mpokeaji wa mapato ya mali, kupangisha, au kuingia na kuimiliki kwa muda. Kama nyumba yako ina wapangaji wa kueleweka, pendekeza kodi iende benki. Wengine hukubali.

Hatua ya 3: Thamani na bei

Hapa tukae kidogo, maana ugomvi mwingi unazaliwa hapa.

Kabla ya kuuza, benki humtuma mthamini. Ripoti yake kwa kawaida ina namba mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo iko chini. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamwagiza muuzaji atafute bei bora inayowezekana kwa wakati ule. Kikaongeza kipimo: nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa mali zinazofanana sokoni, inachukuliwa kwamba muuzaji amevunja wajibu wake, mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Tuseme nyumba za aina yako mtaani zinauzwa milioni 120. Asilimia 75 yake ni milioni 90. Ikienda kwa milioni 95, utalalamika lakini kipimo hicho hakikusaidii. Ikienda kwa 85, mzigo wa kujieleza unahamia kwa benki. Kwa hiyo usiende kwa wakili na maneno "wameuza bei chee" tupu. Nenda na ripoti ya mthamini wako na bei za majirani waliouza karibuni.

Lakini tuwe wakweli pia: bei ya mnada huwa chini hata bila hila ya mtu. Mara nyingi mnunuzi hapati nafasi ya kuingia vyumbani kuona dari na mabomba. Ndani kuna familia isiyotaka kutoka. Fedha inatakiwa ndani ya siku chache, kwa hiyo wanaotegemea mkopo wamebaki nje. Juu ya hayo kuna hofu ya kesi, na majirani wenye uwezo wanaona haya kununua nyumba ya mtu waliyemzika naye baba yake. Wanaobaki uwanjani ni wachache, na wanajuana.

Hatua ya 4: Tangazo

Sheria ya Madalali, Sura ya 227, inataka mnada wa ardhi utangazwe angalau siku 14 kabla, kwenye mji mkuu wa wilaya ilipo mali na mahali utakapofanyika mnada. Tangazo liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, litaje jina la mwenye mali na makazi yake, na zaidi ya maandishi itumike njia ambayo hata asiyejua kusoma ataelewa. Lile gari la spika mnaloliona kero lina asili yake kwenye sheria.

Hesabu siku. Kata tangazo la gazeti uhifadhi na tarehe yake. Notisi pungufu imeshawaponza wauzaji wengi mahakamani.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Dalali husoma masharti, hutaja mali, dau zinapanda, nyundo inaanguka. Mara nyingi muuzaji ana bei ya chini aliyomwambia dalali kwa siri, na dau zisipofika hapo mnada unaahirishwa. Kwa mauzo ya mahakama, mshindi huweka asilimia 25 palepale na kumalizia ndani ya siku 15. Akishindwa, amana yake iko hatarini na nyumba inarudi sokoni. Kwa mauzo ya benki, soma masharti ya mnada husika.

Hatua ya 6: Fedha zinakwenda wapi

Kodi na tozo za mali, gharama za mnada, deni la benki. Kinachobaki ni cha mwenye nyumba, si zawadi ya benki. Tuseme imeuzwa 95, deni 62, gharama 6: unadai milioni 27. Andika barua uombe mchanganuo. Na ikiwa mauzo hayakutosha, deni lililobaki bado linakufuata wewe binafsi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mbeya: Mwalimu, mume wangu kaweka hati ya nyumba tunayoishi na mimi sikusaini popote. Nimejua leo dalali alipokuja kupiga picha. Nimechelewa?

Jibu: Dada, hujachelewa, ila usilale. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 vinasema hivyo, na mkopeshaji alipaswa kuchukua hatua za kutosha kujua kama mwombaji ana mwenzi na kama ameridhia. Nenda na cheti cha ndoa kwa wakili, omba mahakamani zuio la mauzo kabla ya tarehe ya mnada. Tahadhari moja: kama faili la benki lina hati ya ridhaa yenye jina lako na saini usiyoijua, au kiapo cha mume kwamba hana mke, kesi inageuka kuwa ya ushahidi. Omba nakala ya hilo faili mapema.

Mwanachama, Dar: Mkuu, nimeona nyumba Kigamboni, ni kama nusu bei. Nijilipue?

Jibu: Kwanza pekua kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki na kama rehani imesajiliwa kweli. Pili nenda mtaani, ongea na mjumbe na majirani, utajua nani anaishi humo na kama kuna kesi. Tatu, fedha iingie kwenye akaunti iliyoandikwa kwenye masharti, kamwe isiwe kwenye simu ya mtu. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Ardhi kinamlinda mnunuzi halali hata kama taratibu za benki zilikuwa na kasoro, isipokuwa kulikuwa na udanganyifu ambao aliujua au alipaswa kuujua. Na "nusu bei" yenyewe inaweza kuwa dalili, rudi Hatua ya 3. Weka pembeni pia fedha ya wakili na ya kumtoa mkaaji, maana mara nyingi hilo linabaki mikononi mwako.

Mwanachama, Mombasa: Huku kwetu je?

Jibu: Kenya safari ni ndefu zaidi. Chini ya sheria ya ardhi ya 2012, mkopaji akikaa mwezi mmoja bila kulipa anapewa notisi ya miezi mitatu, kisha notisi ya kuuza ya siku 40. Baada ya hapo dalali naye anatoa siku 45 za kukomboa, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza la gazeti. Kipimo cha asilimia 25 na cha ridhaa ya mwenzi mnacho pia.

Mwanachama, Mwanza: Mimi sikuweka rehani yoyote. Nilishindwa kesi ya deni la biashara, sasa dalali wa mahakama kabandika karatasi kwenye nyumba ninayoishi na watoto.

Jibu: Soma kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Nyumba anayoishi mdaiwa na mke na watoto wanaomtegemea imo kwenye orodha ya mali zisizokamatwa kukazia hukumu. Kinga hiyo haijitumi, lazima uiombe mahakama iliyotoa amri. Na ikitokea imeshauzwa, ndani ya siku 30 unaweza kuomba mauzo yatenguliwe kwa kuweka mahakamani deni lote pamoja na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi.

Mwanachama, Morogoro: Nilikopa kausha damu (mkopo wa mtaani wa riba kubwa) milioni 3, nikasainishwa karatasi. Sasa jamaa anasema nyumba ni yake, wala hataki mnada.

Jibu: Ndugu, kasome kichwa cha hiyo karatasi. Ninavyohisi imeandikwa "mkataba wa mauzo". Hawa wakopeshaji wanaukwepa mnada makusudi, kwa sababu mnada una notisi, tangazo, bei bora na chenji ya kurudisha kwako. Kusanya kila kitu kinachoonyesha ulikuwa mkopo: miamala ya marejesho kwenye simu, ujumbe, mashahidi. Kisha nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usihame wala usisaini karatasi nyingine.

Mwanachama, Tanga: Sisi ni ndugu sita, nyumba ya marehemu mzee iko mjini. Wanne wanataka iuzwe, wawili hawataki. Lazima mnada?

Jibu: Si lazima. Mleteni mthamini mmoja mnayemkubali wote, kisha wale wawili wapewe nafasi ya kununua mafungu ya wanne kwa bei hiyo, hata kwa awamu, mkiandikishana. Mkishindwa, msimamizi wa mirathi arudi mahakamani, na mahakama ikiamuru iuzwe, kila mmoja atapata fungu lake la fedha baada ya gharama kukatwa. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, mauzo na mgawanyo lazima vionekane kwenye fomu namba 6, ile ya hesabu za mirathi. Muulizeni msimamizi wenu kama fomu namba 5, ile ya orodha ya mali, alishairejesha.