72 hii si 72 ile: dawa za unga za ukungu wa viazi (bakajani chelewa)

Ukiingia duka la pembejeo Mwanjelwa au Makambako ukaomba "dawa ya ukungu, ile ya sabini na mbili", unaweza kupewa yoyote kati ya mbili zisizofanya kazi moja. Namba 72 ni jumla tu: gramu 720 za viambato amilifu, vile vinavyofanya kazi yenyewe, katika kila kilo. Viambato vyenyewe ni vipi, haisemi.

Soma mstari wa viambato, ule wa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Mancozeb 64% na metalaxyl 8% ni 72. Mancozeb 64% na cymoxanil 8% nayo ni 72. Metalaxyl hufyonzwa na kupanda na maji ya mmea hadi kwenye majani yanayochipua baada ya kupiga dawa. Cymoxanil hupenya pale ilipoangukia tu. Huua ukungu ulioingia siku moja au mbili nyuma, kisha nguvu yake huisha haraka. Ukipiga hii ya pili halafu ukakaa siku 14 kama ulivyozoea kwa ya kwanza, kwa mvua na ukungu wa hewani wa nyanda za juu za Umalila au Makete utakuta shamba limeshaungua. Rudia baada ya siku 7.

Kuna zinazotofautiana namba lakini zinabadilishana. Ridomil Gold MZ 68 WG (WG ni ya punje, WP ni ya unga) ina mancozeb 64% na metalaxyl-M 4%, na wengi wakiona hiyo 4 hudhani wamepunjwa. Hawajapunjwa. Metalaxyl ya kawaida ina sehemu mbili, na inayoua ukungu hasa ni moja, kama nusu yake. M ndiyo hiyo nusu. Ila jina la Ridomil peke yake halitoshi: Ridomil Gold Plus 66 WP ina shaba badala ya mancozeb, na imelengwa kakao.

Mancozeb 80 WP, mfano Dithane M-45, ni kinga tu, hata kama namba yake ni kubwa kuliko hizo zote. Hukaa juu ya jani. Ianze kabla ya mabaka, kila siku 7 wakati wa mvua. Ukigeuza jani asubuhi ukaona utando mweupe kuzunguka baka, 80 peke yake imeshachelewa.

Salfa 80? Hiyo ni ya ubwiri unga, ugonjwa mwingine. Kwa bakajani chelewa ni hasara.

Metalaxyl isizidi mara mbili au tatu kwa msimu, maana vimelea huizoea. Mabaka mapya yakiendelea baada ya kupiga mara mbili, usiongeze kipimo. Hamia kwenye cymoxanil. Kutoka 72 ya metalaxyl kwenda 68 hujabadili kitu.

Kipimo cha kawaida cha 68 na 72 ni gramu 2.5 kwa lita: gramu 50 kwa lita 20, gramu 40 kwa bomba la lita 16. Lebo ikisema tofauti, fuata lebo. Pima kwa mizani, kwani kijiko cha unga wa WP na kijiko cha punje za WG havilingani uzito. WP ikoroge kwanza kwenye ndoo ndogo iwe kama uji, la sivyo itaziba nozeli. Mchanganyiko uishe siku hiyo hiyo.

Dawa ya kupimiwa kwenye nailoni haina mstari wa viambato wala namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Iache dukani.