Somo: Seva ya nyumbani kwa kompyuta ya mtumba bila kuumia kwenye LUKU

Wakuu habari zenu, kabla hujauliza bei uliza wati, maana seva ni kompyuta inayokaa imewaka muda wote kutunza na kugawa mafaili nyumbani, hii mashine hailali. Yale maseva makubwa ya zamani yanayouzwa bei ya kutupa, mfano PowerEdge R710, yanaweza kula wati 150 hata yakiwa hayana kazi, piga kwa saa 24 ni uniti 3.6 kwa siku, mwezi 108, yaani kama uko kwenye ile tarifu ya uniti 75 seva peke yake ishakutoa. Kamashine ka wati 12 mwezi mzima hakafiki uniti 9.

Hatua ya 1: tafuta zile ndogo za ofisini, OptiPlex 3050 Micro, EliteDesk 800 G3 Mini au ThinkCentre M910q. Kama utaweka Jellyfin (programu ya kuangalia filamu zako kutoka kwenye seva) chukua yenye prosesa ya Intel kizazi cha 7, kinafungua video za HEVC (zilizobanwa kisasa) za biti 10, cha 6 kinahangaika.

Hatua ya 2: iwashe hapo hapo dukani na adapta utakayoondoka nayo. Mimi muuzaji alinipa OptiPlex na adapta ya kuokoteza, na zile adapta zina pini ya katikati inayojitambulisha kwa mashine, isipotambulika prosesa inashusha kasi, nikahangaika wiki nzima nikiulaumu mfumo wa Linux mpaka nilipochomeka monita nikaona onyo la adapta limekaa pale kwenye skrini.

Hatua ya 3: ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), ikidai paswedi ya ofisi ilikotoka, iache hiyo mashine. Ikifunguka weka iwake yenyewe umeme ukirudi.

Hatua ya 4: pima diski kwa CrystalDiskInfo (programu ya Windows ya kuangalia afya ya diski), ukikuta sekta zilizohamishwa (reallocated) au zinazosubiri (pending), diski inaanza kuchoka, usiweke picha za harusi humo.

MASWALI

– Mkuu nina laptop imepasuka kioo, inafaa?
Inafaa sana, betri yake inakuvusha umeme ukikatika. Ila ukiona tachipedi inainuka ujue betri imevimba, itoe siku hiyo hiyo, usiiache inachaji watu wamelala.

– Kwani prosesa za i5-7500 na i5-7500T zikitulia si zinakula sawa tu?
Zikitulia hazipishani sana ndugu yangu, ni zikishika kazi ndo utaona, wati 65 kwa 35 za T, na kale kafeni ka Micro kwenye joto la Dar kanapumua vizuri na T.

– RAM je?
GB 8 inatosha kuanzia, hela inayobaki nunua diski ya pili ya bakapu.