Futa ubao kwanza: namna ya kurudisha mchezo darasani PP1

Mwalimu mwenzangu wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, kabla hujakimbilia Kamukunji kununua midoli ya plastiki, futa ubao. Ile nyumba uliyochora juzi, paa la pembe tatu, mlango katikati, madirisha mawili na mwembe kando, ifute. Usiichore tena.

Nina sababu. Nafundisha mtaa wa Pipeline, Nairobi, watoto 34 ndani ya chumba cha chini ya ghorofa kilichojengwa kiwe duka. Siku moja niliwaambia wachore nyumbani kwao. Kijana mmoja akachora visanduku vimepandiana hadi juu ya karatasi, na vistari vya rangi vinaning'inia kila mahali. Nikamwambia, "Nyumba ina paa," nikampa kifutio. Jioni, nikiwa nangoja matatu, nikainua macho: ghorofa saba, nguo zimeanikwa kila roshani, paa halionekani. Yeye alikuwa amechora kwao. Mimi nilimtaka achore nyumba ya kitabuni. Muhula mzima uliofuata, kila nikisema "choreni", anatazama ubao kwanza.

Basi mpe mtoto karatasi tupu na jambo la kuchora, umwache. Akimaliza usimuulize "Hii ni nini?" maana atadhani amekosea. Sema, "Hebu nisimulie." Anachokisema kiandike chini ya picha kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni "Huyu mbwa wa kijani amekula sukuma yote." Weka tarehe, itunze. Utaihitaji mzazi akija.

Halafu tafuta muda. Kipindi chetu ni dakika 30, na kumi za mwanzo huishia kwenye viti na makamasi. Unganisha vipindi viwili baada ya uji, angalau mara mbili kwa wiki. Mwanzoni watagombania vitu na utaona kama umeharibu siku. Vumilia. Usiingilie ila mtu akiumizwa.

Vifaa viko mtaani: vifuniko vya soda kwa mwenye kioski, maganda kwa mama wa mahindi choma, vipande vya vitambaa kwa fundi wa nguo, katoni popote. Osha vinavyooshwa.

Kwangu, mabenchi mawili yakipangwa moja nyuma ya lingine huwa ni matatu. Wiki iliyopita makanga wa miaka minne alikuwa anadai nauli thelathini. Mwenzake akaanza kugonga meza kwa vidole, eti mvua. Makanga hakusita: "Mvua imenyesha, sasa ni hamsini!" Abiria wakapandwa na hasira, mmoja akatishia kushuka. Msichana wa nyuma akahesabu vifuniko vyake polepole, akasema pesa yake haifiki, kwa hivyo yeye atashukia Taj. (Jengo la Taj lilibomolewa mwaka 2018, yeye hajazaliwa bado, lakini jina la steji ndilo hilo hilo.) Kuhesabu, kulinganisha, kubishana kwa maneno badala ya makofi: hakuna hata moja nililokuwa nimeandika kwenye mpango wa somo. Niliyaandika baadaye.

Kufinyanga nako kuna ujanja wake. Udongo wetu huku Embakasi ni ule mweusi unaonata viatuni. Mtoto akifinyanga ng'ombe leo, kesho miguu yote imepasuka, na kilio chake utakisikia. Changanya viganja vitatu vya udongo na kimoja cha mchanga, ukande vizuri, kisha vitu vikaukie kivulini. Ukikosa udongo, chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji. Mama mmoja aliniuliza kama nimekosa watu wa kulisha hadi nikachezea unga wa chapati. Sikuwa na la kujibu. Siku hizi natumia unga ulioingia wadudu, nikiuchunga kwanza.

Wazazi ndio kazi yenyewe. Wengi tulisomea mfumo wa zamani wa 8-4-4, na kwetu daftari lililojaa vema ndiyo karo iliyotumika vizuri. Wengine wanaogopa mtihani ambao shule za binafsi huwapa watoto kabla ya kuwaingiza Gredi ya Kwanza. Usiwahubirie. Waambie mara moja tu kwamba ubunifu umo kati ya umilisi (stadi kuu) saba wa mtaala mpya ulioanza PP1 mwaka 2019, kisha toa zile picha za mtoto wao, uzipange mezani kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Nyamaza. Mama atasoma habari za mbwa na sukuma, atacheka, halafu ataona kwamba kwenye karatasi ya tisa mtoto ameandika M ya jina lake bila kuelekezwa na mtu. Hapo ndipo swali la "Leo mmeandika nini?" hupungua makali. Kwa baba mmoja halijapungua hadi leo, na kila Ijumaa namwandalia ukurasa wake mmoja wa kunakili, ili sisi wengine tupumue.

Jambo moja la mwisho: hesabu vifuniko kabla na baada ya mchezo. Vikipungua, kagua mifuko. Maharagwe usiyalete kabisa. Yakipungua, utaanza kukagua pua.